Mwari hawekwi tu: miaka ya kabla ya ndoa ina kazi yake



Jioni moja baada ya swala ya alasiri, mtoto wa kakangu alinijia nyumbani hapa Malindi. Kwa kawaida yeye huanza kupiga kelele tangu barazani. Siku hiyo alivua viatu kimya kimya, akaketi mkekani, akavuta ungo na kuanza kunisaidia kuchambua mchele bila kuambiwa. Nikajua lipo jambo. Msichana wa miaka 19 akichambua mchele kwa hiari yake, ana neno moyoni.

"Shangazi, nimeletewa posa," akaniambia.

Nikasema mashaallah.

"Na jina langu limetoka chuo kikuu. Pwani, hapo Kilifi."

Nikasema mashaallah mara ya pili, ila hii ya pili ilitoka polepole. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Shangazi, wewe kabla hujaolewa ulikuwa ukifanya nini?"

Nikamjibu, "Nilikuwa nyumbani." Akacheka. Akaniambia hilo si jibu.

Kweli si jibu. Lakini ndilo jibu ambalo wanawake wengi wa pwani wa rika langu na waliotutangulia tunalitoa tukiulizwa. Nilikuwa nyumbani, kisha nikaolewa. Kana kwamba ile miaka ya katikati haikuwa na kitu. Nimekaa nikafikiri, nikaona swali lile linastahili kujibiwa hapa, maana si la mpwa wangu peke yake. Kila mwaka matokeo ya mtihani yakitoka, nyumba nyingi kuanzia Mambrui hadi Takaungu huwa na msichana aliyekaa namna ile, barua mkono mmoja na posa mkono wa pili, na wazazi hawajui waanzie wapi.

Tuanze na maneno

Lugha yetu imeigawa miaka ya msichana kwa uangalifu. Mtoto wa kike ambaye hajabaleghe ni kigori. Kigori hutumwa dukani, hucheza kibarazani na hupita nyumba zote za mtaa bila kuulizwa. Akishabaleghe huwa mwari, wengine husema mwali. Zamani, siku hiyo ndiyo mambo yote yalipobadilika. Alianza kutawa. Kutawa ni kukaa ndani, kutoonekana ovyo na wanaume wasio maharimu. Akitoka ni kwa sababu, akiwa amejifunika buibui na akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Hata majengo yetu yalijengwa kwa fikira hiyo. Nikiwa skuli ya msingi tulipelekwa ziara Gede, kwenye ule mji wa mawe ulioachwa na watu karne nyingi zilizopita. Bwana James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba za pale zimepewa majina ya vitu vilivyokutwa ndani yake: iko nyumba ya makasi, iko nyumba ya taa ya chuma. Mmoja wetu akauliza wasichana walikuwa wakilala wapi. Tuliyekuwa naye akatupitisha chumba baada ya chumba hadi cha nyuma kabisa, mbali na mlango wa mbele. Akasema, "Huku, ndani." Sote tukanyamaza, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa karibu kuifikia ndani yetu wenyewe.

Neno la nne ni somo. Huyu ni mwanamke mtu mzima, si mama mzazi, anayepewa kazi ya kumfunza msichana mambo ya mwili wake, usafi, twahara, adabu, na baadaye mambo ya ndoa. Wengine humwita kungwi. Mama alikuwa na haya na mwanawe, na mwana alikuwa na haya na mamaye. Somo hakuwa na haya, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Msichana alikuwa na haki ya kumuuliza somo wake lolote.

Neno hili la nne ndilo tulilolipoteza kwanza, na nitalirudia.

Utawa haukuwa kukaa bure

Vijana wa leo wakisikia utawa huona jela. Siwalaumu, kwa wengine ulikuwa hivyo. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani kabisa, alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1886 kwamba wasichana wa jumba la kifalme walifunzwa kusoma lakini hawakufunzwa kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kama binti wa Sultani alijificha ili aandike, fikiria wa mvuvi.

Lakini iko na picha ya pili. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa nasaha ambao hadi leo unasomwa. Mwanamke yule alikuwa mgonjwa, anajua huenda hatakuwepo bintiye atakapokuwa na nyumba yake. Ujuzi wa kupanga beti kama zile haupatikani kwa siku moja, na hakuupata skuli ya serikali. Aliupata ndani ya nyumba, katikati ya wanawake.

Na karibu zaidi na sisi, bibi watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, walihadithia maisha yao kwa watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel, na hadithi zao zikachapwa kitabu mwaka 1989, kisha kikatoka cha Kiswahili. Ukivisoma visa vyao utaona usichana uliojaa watu: nyanya, shangazi, makungwi, mashoga, ngoma za arusi, ugomvi, vicheko. Walikuwa na mipaka mingi, ndiyo. Upweke haukuwemo.

Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike. Utawa wa zamani, pamoja na kasoro zake zote, ulikuwa na mtaala. Msichana alikuwa amewekwa, lakini hakuwekwa tu.

Nilichokuwa nikifanya

Sasa nimjibu mpwa wangu.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1997, mwaka wa mvua za El Niño. Sikuitwa chuo, na babangu hakuwa na pesa za kunipeleka kwa kulipa. Wakati ule hapa Kilifi hapakuwa na chuo kikuu. Pwani ilikuja kuwa chuo kishiriki mwaka 2007, ikapata hati yake kamili mwaka 2013. Sisi, aliyetaka kusoma zaidi alitazama Mombasa au Nairobi, na kumpeleka msichana Nairobi ilikuwa kama kumpeleka ng'ambo. Kwa hiyo nikawekwa. Miaka miwili kamili.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa bibi, mama yake babangu. Hakujua kusoma herufi za Kizungu, lakini hesabu yake haikukosea. Alinifunza kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na kwamba mwanamke asiyejua pishi ngapi zinatosha watu wangapi ataaibika mbele za watu au atafilisika. Kila palipokuwa na shughuli mtaani, arusi, hitma au maulidi, alinichukua nikae karibu naye. Siku ya kwanza nilimenya vitunguu hadi macho yakavimba. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa ndiye ninayeandika daftari: mchele kiasi gani umeingia, nazi ngapi zimekunwa, nani katoa nini na nani bado anadaiwa. Baadaye, niliposoma diploma yangu ya biashara, mwalimu akatueleza mambo ya stoo na kumbukumbu za bidhaa. Mimi nikacheka peke yangu. Haya nimefunzwa nikiwa nimekalia kibao cha mbuzi.

Mwalimu wa pili alikuwa halati yangu, aliyekuwa akidarizi kofia. Msomaji wa bara huenda asijue: kofia nzuri ya mkono huchukua wiki nyingi, pengine miezi, maana kila kitundu hushonewa pembeni kwa sindano, kimoja kimoja. Kofia yangu ya kwanza ilikuwa mbaya hata babangu aliivaa nyumbani tu. Ya tatu iliuzwa. Nilizishika zile pesa nikazihesabu mara nne. Zilikuwa zangu, hazikuwa za kutumwa sokoni. Nusu nikampa mama, nusu nikaziweka ndani ya kopo la maziwa. Kopo lile, pamoja na fungu kubwa alilotoa babangu, ndilo lililonilipia muhula wa kwanza Mombasa mwaka 2000.

Na tulitembea pia. Watu husahau hili. Mwezi wa Mfungo Sita tulikwenda Mambrui kwa maulidi, wanawake wa mtaa tumebanana ndani ya gari moja, na tukivuka Mto Sabaki bibi hutuambia tutazame maji yale mekundu yanavyoingia baharini. Huo ni udongo wa mashamba ya bara, alisema, wenzetu wanapoteza shamba na sisi tunapoteza bahari safi. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa akinifunza jiografia.

Tulikwenda na Mombasa kununua leso za arusi. Nikiwa kigori safari hiyo ilikuwa na feri ya Kilifi. Magari hujipanga, watu hushuka, wauza korosho hupita dirishani, na mtoto huona maji ya mkono wa bahari yale ya kijani chini yake akaogopa na kufurahi kwa pamoja. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991 na feri ikaisha. Lakini kuchagua leso hakukuisha. Shangazi zangu walisoma kila jina la leso kwa sauti, wakabishana kama maneno yale yatamchoma wifi au yatamfurahisha mkwe. Niliyasikiliza nikajifunza kwamba mwanamke wa pwani husema mengi bila kufungua kinywa.

Kisa kimoja sikupata kukisema hadharani. Kakangu, huyu baba yake mpwa wangu, alikuwa na baiskeli. Alfajiri moja, watu wakiwa msikitini, nilifunga leso vizuri nikaipanda. Nilifika hadi mwisho wa mtaa. Kurudi, breki zikanishinda, nikaingia ndani ya boma la makuti la jirani, kuku wakaruka huku na huku. Kakangu alirudi msikitini akakuta baiskeli imepinda. Akanitazama, akatazama goti langu. Alichosema ni kwamba nikitaka nijifunze, nisubiri anishikie. Akanishikia wiki nzima, alfajiri ile ile. Hakumwambia mtu. Nilimkumbusha kisa hiki juzi, nitasema kwa nini.

Na aliyenitangulia

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema nusu ya ukweli. Nina dadangu mkubwa. Yeye hakuwekwa miaka miwili. Alitolewa skuli akiwa darasa la saba, akaozwa akiwa na miaka 16. Posa ilikuwa ya watu wema, mume hakuwa mtu mbaya. Ila dadangu hakuwahi kuwa mwari. Alitoka kuwa kigori akawa mke, hakupata katikati. Hakuwa na wakati wa kukaa na bibi, hakushona hata kofia moja, hakushika pesa yake. Baada ya miaka mitatu alirudi nyumbani na mtoto na maradhi ya uzazi yaliyomchukua muda mrefu kupona.

Babangu hakuwa mtu wa maneno. Siku nilipomwambia nataka kwenda kusoma Mombasa, mama alitaja posa iliyokuwa imeletwa kwangu wakati ule. Babangu akatazama mlango wa chumba alichokuwa amelala dadangu na mwanawe. Akasema, "Huyu nimpe muda." Ni maneno matatu. Ndiyo yaliyonipa kila nilicho nacho, na kila nikiyakumbuka najua nani aliyelipa bei yake.

Kilichobadilika

Leo mambo yako vipi? Nitasema ninachokiona.

Baadhi ya wazazi bado wanaweka, lakini wanaweka patupu. Msichana anamaliza skuli, anaambiwa akae nyumbani hadi riziki yake ije. Bibi amefariki au anaishi mbali. Halati hashoni tena. Shughuli zikija, chakula huletwa na wapishi wa kukodi. Somo hayupo, na wengi hata neno hilo hawalijui. Kilichobaki ndani ya chumba kile ni simu. Kwa hiyo msichana ambaye mamaye anaona haya kumweleza habari za mwili wake, anaelezwa na watu asiowajua, usiku, kwa kioo cha mkononi. Halafu tunasema amewekwa.

Wazazi wengine wameachia kabisa. Wanasema dunia imebadilika, mtoto ana akili zake. Na huku mji wetu ni wa utalii na wa pesa za msimu, na wapo wanaojua kumtambua msichana asiye na wa kumuuliza. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya, asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Hiyo ni karibu mmoja kati ya kila saba. Sisi wa Kilifi tunajua vizuri maana ya hesabu hiyo, hatuhitaji kuonyeshwa kwa kidole.

Na mzazi aliyeogopa hesabu hiyo hufanya nini? Huharakisha ndoa. Akidhani ameokoa, kumbe amehamisha tatizo kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kuweka patupu, kuachia na kuharakisha ni njia tatu zenye kosa moja: zote zinaiona miaka ya uwari kama hatari ya kuvukwa upesi, badala ya kuiona kama wakati wa kazi.

Dini na sheria zinasemaje

Mimi si shekhe wala si wakili. Nitasema yale yanayojulikana, na mwenye swali zaidi amuone kadhi. Mahakama ya kadhi iko hapa hapa Malindi, na katiba yetu ya 2010 inazitambua mahakama hizo kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu.

Kwanza, ridhaa. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunajua nafasi ya walii, na wanavyuoni wamezungumza kwa urefu kuhusu mamlaka ya baba. Lakini sote tumefunzwa kwamba bikira huombwa idhini, na kwamba msichana mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akalalamika kuwa babake amemwoza na hali hataki, naye Mtume akampa hiari. Basi kumuuliza binti si mambo ya Kizungu. Na kumuuliza si kumwambia "posa imekubaliwa, unasemaje?" mbele ya wazee kumi huku halwa imeshakatwa. Ukimya wa msichana aliyeogopa na ukimya wa msichana aliyeona haya si kitu kimoja. Mama anaujua tofauti yake.

Pili, umri. Katiba inasema mtoto ni yeyote asiyefika miaka 18, na Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumwoza mtoto. Na kifungu cha katiba kuhusu familia kinasema ndoa ni ya watu wazima kwa hiari yao.

Tatu, mahari. Ni haki ya bibi arusi mwenyewe, si ya baba wala ya ami. Msichana aliyewahi kushika pesa yake kabla ya ndoa hujua la kufanya na mahari yake. Asiyewahi, mahari humpita mkononi kama maji.

Nne, ndoa ya Kiislamu nayo husajiliwa. Msiridhike na akadi na biriani mkasahau cheti. Siku ya mirathi au ya talaka, cheti hicho ndicho kitakachosema badala yenu.

Posa ikija

Nimekuwa nikiulizwa na mashoga zangu wenye mabinti wafanye nini. Mimi nimekuja na maswali matano, na ninapendekeza wazazi wayajibu kabla ya kumjibu mposaji.

Je, binti ameulizwa akiwa peke yake na mtu anayemwamini? Je, ana kazi ya mkono au elimu inayoweza kumlisha yeye na mtoto mmoja iwapo, Mungu apishe mbali, mume atafariki au wataachana? Je, amewahi kusimamia pesa, hata kama ni za kuuza mabuyu na barafu? Je, yuko mwanamke mtu mzima aliyemweleza mambo ya mwili na ya nyumba wazi wazi? Na je, kama anataka kusoma, mambo hayo yamezungumzwa na upande wa pili sasa, au yameachwa yaje yawe ugomvi baadaye? Mapatano ya kabla ya akadi ni rahisi kuliko kikao cha usuluhishi cha baadaye.

Kama jibu la swali lolote ni hapana, hiyo ndiyo kazi ya miaka hii. Wala si lazima posa ikataliwe. Pengine inatosha ingoje. Mposaji mwema hungoja, na asiyeweza kungoja mwaka mmoja amekuonyesha tabia yake bila gharama.

Na kwa wanawake wenzangu wa rika langu: tuurudishe usomo. Hauhitaji ngoma wala sherehe. Chagua binti mmoja wa ndugu yako, mwambie, "Mimi ndiye somo wako, niulize lolote, sitakasirika wala sitamwambia mamako." Kisha timiza neno lako. Atauliza mambo yatakayokufanya utafute kanga ya kujifunika uso. Mjibu.

Kikao

Nirudi kwa mpwa wangu. Baada ya siku chache kakangu alituita: mimi, ami yetu mmoja, na mama yake msichana. Kakangu alikuwa na wasiwasi. Posa ilikuwa nzuri, kijana ana kazi, anaswali, na watu wa kwao tunawajua. Akauliza, akikataa sasa na nyingine isije?

Ndipo nikamkumbusha baiskeli. Nikamwambia, ulipoona goti langu hukunifungia ndani, wala hukuniachia nivunjike. Ulinishikia. Basi mshikie na huyu. Ami yetu hakuelewa tunacheka nini.

Binti akaitwa. Nilikuwa nimeshakaa naye usiku uliotangulia, kwa hiyo nilijua atakalosema, ila nilitaka babake alisikie kwa sauti yake. Alisema, "Simkatai, baba. Nataka nianze kusoma kwanza. Na nataka nizungumze naye, nyinyi mkiwepo, nijue kama atakubali nimalize." Mkono wake ulikuwa ukitetemeka juu ya leso, lakini sauti haikutetemeka.

Kakangu akainama muda mrefu. Kisha akasema atawapelekea jibu hilo hilo, bila kulipunguza.

Watu wa kijana wamesema watafikiri. Hadi ninapoandika hawajarudi. Huenda wakakubali, huenda wakatafuta kwingine, na yote ni heri. Mpwa wangu ameshakwenda Kilifi. Ni kilomita 60 hivi kutoka hapa, safari ya saa moja na kidogo, anakaa kwa jamaa yetu. Nilimsindikiza hadi stendi, ana godoro, sanduku na ndoo ya mabuyu aliyopika mwenyewe ya kuwauzia wenzake. Daftari la hesabu nilimfungulia mimi, ukurasa wa kwanza nimemwandikia: vibaba vinne ni pishi.

Siku akiulizwa na mtoto wa kakake alifanya nini kabla hajaolewa, namwomba Mungu awe na jibu refu kuliko langu.

Wabillahi tawfiq.